Pikapu mpya au ya mkononi? Ninavyozipanga kwa barabara za Arusha na Moshi

Wenye mashamba, makandarasi wadogo na wenye maduka ya jumla huku kwetu wanaulizana swali moja kila msimu wa mauzo ukiisha vizuri: Hilux mpya ya dukani inastahili bei ile? Jibu langu ni kwamba inastahili kwa wachache, na hao wachache wanajijua kwa kilomita wanazotembea na kwa hasara wanayopata gari likilala gereji. Waliobaki, ambao ndio wengi, waweke hela yao kwenye pikapu ya mwaka 2016 hadi 2019 iliyokaguliwa vizuri chesisi na injini.

Nianze na mafuta, maana muuzaji wa gari jipya huyatanguliza. Tuseme pikapu ya zamani inakwenda kilomita 8 kwa lita na mpya inakwenda 10. Ukitembea kilomita 30,000 kwa mwaka, ya zamani inakunywa lita 3,750 na mpya lita 3,000. Dizeli ikiwa shilingi 2,800 kwa lita, umeokoa milioni 2.1 kwa mwaka. Si haba. Sasa geukia mkopo. Kila milioni 100 utakayokopa kwa riba ya asilimia 15 inayopungua na salio, kwa miaka 4, marejesho yake ni kama milioni 2.78 kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umerudisha karibu milioni 133.6. Riba peke yake imekula akiba ya mafuta ya miaka 16. Mwenye kununua mpya anunue kwa sababu nyingine, na sababu nyingine zipo, nitazifikia.

Bei yenyewe haitokani na jina la Toyota tu. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani ya gari ikiwa imeshajumlishwa na nauli ya meli, bima na ushuru wa forodha, yaani unalipa kodi juu ya kodi. Gari lililotumika kutoka nje halikwepi hilo. TRA ina kikokotoo chake mtandaoni chenye thamani za magari kwa aina na mwaka, kwa hiyo hata ukibahatika kununua kwa bei ya kutupa huko nje, usitegemee kodi ishuke vivyo hivyo. Kenya inakataza gari lililozidi miaka 8 kuingia, sisi hatukatazi umri, ila gari kuukuu linaongezewa ushuru wa uchakavu. Piga hesabu kwenye kikokotoo kabla hujatuma hata senti.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni herufi ya namba. Mtu anaona namba E anadhani gari ni jipya, anaona namba C anadhani limechoka. Ile herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haisemi lilitengenezwa lini wala limetembea kiasi gani. Hilux ya 2009 inaweza kushushwa Dar mwaka jana ikapewa namba E, na dalali akaiuza kwa kifua mbele. Soma kadi, kisha inama usome namba iliyogongwa kwenye chesisi upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Hilux inayoanza na MR0 imetengenezwa Thailand, inayoanza na AHT imetoka Afrika Kusini. Namba ya kwenye kadi na ya kwenye chuma zisipolingana herufi kwa herufi, ondoka.

Ya kwanza: Hilux ya 2016 hadi 2019, dizeli ya 2.4

Hii ndiyo naiweka juu. Ni umbo lililotoka mwaka 2015, injini mpya ya 2.4 au 2.8, na zote mbili zinatumia cheni ya taimingi (inayopanga vali zifunguke kwa wakati wake) badala ya mkanda. Kwa Hilux Vigo, yaani umbo lililotangulia hilo, mkanda ukikatika kwa sababu mwenye gari alipuuza kuubadilisha, vali zinagonga pistoni na hapo unazungumzia injini nyingine. Ya 2.8 ina nguvu zaidi, lakini kwa tani moja ya maharage kutoka Sanya Juu au mifuko ya saruji kupanda Kibosho, ya 2.4 inatosha kabisa na bei yake ni ya chini.

Angalia imetoka wapi. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na ikairudisha 2017, ndiyo maana Hilux nyingi za miaka ya katikati zilizopo hapa zimetoka Thailand, Afrika Kusini au Uingereza. Za Uingereza zina usukani wa kulia kama zetu na huwa zimetunzwa ndani, ila barabara za kule humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chesisi kuanzia ndani kwenda nje. Pia nyingi zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho kinahitaji mwendo mrefu wa kasi ili kijisafishe, na gari linalozunguka mjini Arusha, Njiro hadi soko la Kilombero, kila siku halikipi nafasi hiyo. Hata zikiwa mpya vilisumbua: huko Australia mahakama iliamua mwaka 2022 kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zaidi ya 260,000 ziliuzwa zikiwa na kasoro kwenye kichujio hicho. Ukiweza, tafuta ya soko la Afrika isiyokuwa nacho.

Kabla ya kukubali bei, simama pembeni mwa gari usawa wa mlango wa nyuma. Tazama nafasi iliyopo kati ya kebini na bodi. Inatakiwa iwe sawa kuanzia juu hadi chini. Ikiwa juu ni pana na chini imebana, chesisi imelegea nyuma ya kebini, na huo ni mzigo wa vitunguu vya Mang'ola au ndizi za Rombo uliozidi tani moja kwa miaka. Dabo kebini zinaumia zaidi kuliko singo kebini, kwa sababu mzigo mwingi unakaa nyuma ya ekseli. Kisha lala chini na bisibisi, uigonge chesisi sehemu springi zinaposhikia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya bati lililojaa matope, na rangi nyeusi mpya iliyopakwa juu yake isikupe moyo, ndiyo ya kuogopa hasa.

Ya pili: Isuzu D-Max yenye injini ya 3.0

Watu wanaipita kwa sababu si Hilux, na hapo ndipo faida yako ilipo. Injini yake ya 3.0 ni ya cheni pia, ni ngumu, na haina makuu. Isuzu wana kiwanda cha kuunganisha Nairobi, kwa hiyo spea isipopatikana Arusha mjini unaiagiza ipitie Namanga, kilomita kama 110 tu. Ndani ni gari la kazi, siti ngumu, kelele zaidi. Siku ya kuiuza utasubiri mteja muda mrefu kuliko mwenye Hilux. Kama unanunua ili uitumie mpaka ichoke, hilo halikuhusu.

Ya tatu: Hilux mpya ya dukani

Sasa nifikie hao wachache. Wa kwanza ni mwenye mkataba: unasambaza vifaa Loliondo au Simanjiro, siku moja ya kuchelewa unakatwa hela, na kilomita zako zinafika 50,000 kwa mwaka. Huyo ananunua waranti, historia safi, na uhakika kwamba miaka mitatu ijayo hatakutana na kosa la mtu mwingine. Wa pili ni kampuni inayorudishiwa VAT kwenye matumizi ya biashara. Hapa zungumza na mhasibu wako kwanza, maana si kila gari linakubaliwa. Wa tatu ni anayekusudia kukaa nayo miaka 12 au 15. Pikapu za Toyota hazishuki bei haraka hapa kwetu, na mtu anayelinunua jipya na kulitunza kwa miaka hiyo yote anagawa ile gharama kubwa mpaka inakuwa ya kawaida.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi naipa uzito kuliko wauzaji wanavyoipa, nayo ni usalama. Pikapu tupu nyuma ni nyepesi, springi zinarusha, na kwenye lami iliyolowa mvua ya kwanza kati ya Usa River na Boma Ng'ombe mkia unaweza kukupita. Mfumo unaozuia gari kuteleza, pamoja na mifuko ya hewa ya kutosha, unaokoa watu. Lakini usidhani upya peke yake unakuletea vitu hivyo, kwa sababu toleo la chini kabisa linaweza kukosa baadhi. Omba orodha ya vifaa kwa maandishi, uhesabu mifuko ya hewa mwenyewe. Kama familia itapanda gari hilo hilo linalobeba mbolea, usipunguze hapo.

Ya nne: Land Cruiser ya pikapu, umbo la 79

Inakaa pembeni ya mashindano haya. Kwa njia mbovu kweli haina mpinzani, na Arusha ni mji mzuri mno wa kuwa nayo, kwa sababu utalii umejaza gereji za Unga Limited na Sakina mafundi wanaoijua Land Cruiser kwa macho yaliyofumbwa. Injini yake ya 4.2 isiyo na tabo (turbo, pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) inavumilia dizeli chafu kuliko injini za nozeli (vinyunyizio vya dizeli) za umeme. Udhaifu wake ni hewa. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Arusha tayari ni mita 1,400. Ukiifikisha ukingo wa Ngorongoro ikiwa na mzigo utaisikia inahema. Inakunywa, na bei yake ni kali hata ikiwa imetumika. Kama njia yako ni ya lami na changarawe za kawaida, utakuwa unalipia uwezo ambao huutumii.

Ya tano: Hilux Vigo

Ndiyo iliyojaa mitaani, na wengi watanunua hii kwa sababu ya mfuko. Sina ubaya nayo, ila usiinunue bila fundi wa dizeli. Kwenye ile ya 3.0 washa (pete za kuziba) za chini ya nozeli zikivujisha, masizi yanashuka kwenye oili, yanaziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakufa kwa kukosa oili huku kijiti cha kupimia oili kikiwa bado kinaonyesha ipo. Iwashe ikiwa ya baridi kabisa, asubuhi, kabla muuzaji hajaipasha moto. Sikiliza kama inagonga sekunde za mwanzo. Fungua kifuniko cha kujazia oili ikiwa inanguruma. Moshi kidogo ni kawaida, lakini moshi unaotoka kwa kusukumana kama birika linalochemka unaweza kumaanisha ringi za pistoni zimekwisha au washa za nozeli zinavuja. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Asipokuwa na jibu, tenga hela ya mkanda ndani ya bei.

Nozeli za magari haya zinafanya kazi kwa shinikizo kubwa sana, na maji kidogo kwenye dizeli yanaweza kuziharibu. Usijaze kwenye madumu ya barabarani, na chujio la dizeli libadilishwe kila sevisi.

Ya sita: Ford Ranger

Kwa raha ya kuendesha inaishinda Hilux ya umri wake, na umbo la 2011 lilikuwa pikapu ya kwanza kupata nyota tano kwenye majaribio ya ajali ya ANCAP ya Australia. Kwa nini basi iko huku chini? Kwa sababu ya mafundi. Injini zake za 2.2 na 3.2 zina tabia moja: oili ikimwagwa na kuachwa tupu muda mrefu, pampu inaweza kushindwa kuvuta tena, na ukiwasha injini inazunguka kavu. Fundi anayemwaga oili kisha anakwenda kula amekuulia gari. Ukiwa na fundi anayeijua na unaweza kuagiza spea kwa wakati, ipandishe hadi nafasi ya pili, na utaipata kwa bei nafuu kuliko Hilux ya mwaka huo huo.

Ya saba: Hilux Tiger na kaka zake

Hili ni umbo la kabla ya Vigo. Kwa shamba la ndani ya kilomita ishirini inafaa, hasa yenye pampu ya dizeli ya kawaida ambayo fundi wa kijijini anaiweza. Kwa safari za Dar kila wiki, hapana.

Ukishaamua, bado usitoe hela. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani uone faini zilizolala, maana zinafuata gari, hazimfuati mtu. Hakikisha jina la kwenye kadi ni la mtu aliyesimama mbele yako mwenye kitambulisho chake, na kama ni la mwingine, mwenyewe aje. Andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, mlipane benki, na kazi ya kubadilisha umiliki TRA ianze siku hiyo hiyo, kabla gari halijapakia mzigo wa kwanza.