Kupunguza nyama bila kuumia: kabla ya bei ya mbaazi, uliza umri wake

Kila anayejaribu kupunguza nyama hapa Mtwara ananiletea lalamiko lile lile: "Dada, mbaazi zimemaliza mkaa wote na bado ngumu." Kwa hiyo habari za protini nazipita. Mbaazi, choroko, kunde, maharage, zikiwa kavu zote zina gramu ishirini na kitu katika kila gramu 100. Hapo hupunjwi. Unapunjwa kwenye umri wa mzigo.

Mbaazi zikikaa stoo miezi mingi kwenye joto na unyevu zinakuwa sugu, uziloweke hadi asubuhi hazilainiki. Na joto na unyevu si ndiyo Mtwara yenyewe? Ubaya zaidi, wauzaji wengine wanachanganya za mwaka jana na za mwaka huu, sufuria moja nusu zimevurugika, nusu zinagonga meno. Mbaazi nyeupe mpya zina rangi ya kung'aa kidogo, za zamani zinaelekea kahawia. Ukiona vitundu na unga unga, zimebunguliwa, ondoka. Nunua robo kwanza, kapike, zikiiva rudi kwenye gunia lile lile siku hiyo hiyo. Magadi yanalainisha, kweli, lakini yanaua vitamini B1.

Namba moja kwangu ni mbaazi za Nachingwea za msimu mpya. Ndiyo, nina upendeleo, na sijifichi. Loweka, chemsha, tui zito litie mwishoni. Mezani hakuna atakayeuliza nyama iko wapi.

Choroko ni za pili. Kwa mkaa peke yake zingeshinda, maana hazitaki kulowekwa na zinaiva haraka. Mtungi wa gesi ukiwa unaelekea kuisha, usifikirie mara mbili. Kunde zinafuata. Maharage mengi yanatoka nyanda za juu, ukiwa Newala unalipia na safari ya lori. Njugu mawe kavu ni tamu mno, ila bila kuni za kuokota usizianze. Karanga twanga utie kwenye kisamvu, unga wa soya uende kwenye uji, basi.

Sasa bei. Mbaazi zinalimwa hapa hapa kusini, lakini bei yake inasikiliza India, mnunuzi wake mkubwa. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji, wakulima wetu waliumia. Siku hizi mnada wa stakabadhi ghalani, ule wa mazao ya wakulima yaliyokusanywa ghalani, ukipanda, sokoni bei inapanda kesho yake. Mnada ukishuka, muuzaji hana habari! Halafu anakupimia kwa kopo lililobonyezwa kitako mpaka katikati, na juu anapitisha kiganja. Mie siku hizi nataka mzani. Akisema hana, nahamia meza ya pili, na mama wa meza ya pili ameshanijua, mzani anautoa kabla sijasalimia.