Uzoefu wangu Sauti za Busara: mimi, shangazi na uzi uliokatika

Nianze na aibu yangu. Mwaka juzi nililipa elfu hamsini, tiketi ya VIP, kwenda kwenye shoo ya msanii mmoja mkubwa hapa Dar. Jina simtaji, mashabiki wake ni wengi na mimi nina roho moja. Tiketi ilisema saa moja jioni. Alipanda jukwaani saa nane na nusu usiku, na moshi, na fataki, na madansa hata sikuwahesabu. Wimbo wa tatu akajikwaa, maiki ikamponyoka, ikabingirika mpaka ukingoni mwa jukwaa. Sauti yake ikaendelea kuimba. Ikamaliza kiitikio chote na madoido yake ya mwisho, mwenyewe kainama anaitafuta maiki. Watu wakashangilia! Mimi nikaitazama bangili yangu ya VIP, nikatoka kutafuta bajaji.

Labda tatizo ni malezi. Marehemu baba alikuwa Sikinde damu, mjomba alikuwa Msondo, zile bendi mbili za dansi za hapa Dar, na Jumapili moja moja baba alinichukua kwenda nao dansini. Nakaa chini ya meza na Fanta yangu, naangalia viatu vya watu wanavyokwenda na besi. Ukikulia chini ya meza ya namna hiyo, mtu hakudanganyi kirahisi kwamba anaimba.

Basi nilipoamua kwenda Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Unguja, mwezi wa pili, sikwenda kwa sababu ya jina lolote kwenye ratiba. Katika orodha yote ya wasanii nilikuwa nawajua wanne, tena mmoja kwa kusikia tu. Nilikwenda kwa sababu ya sharti lao moja: pale muziki unapigwa laivu. Huna wapiga vyombo, huna jukwaa. Wameanza 2004, kila Februari wapo, isipokuwa 2016 ambapo hela hazikutosha na tamasha likasimama mwaka mmoja.

Nikamvuta na shangazi yangu wa Tanga, anakaa Ngamiani. Huyu ni mtu wa taarab tangu vikundi vya Black Star na Lucky Star vinatamba mjini kwao, na mpaka leo akiguswa kidogo atakusimulia mwimbaji Shakila alivyokuwa akisimama jukwaani, mkono upi uko wapi. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nani kafa?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Unguja mie nimeizoea kwa redio tu. Haya, nitafutie mahali pa kulala. Ngazi nyingi siwezi."

Hapo ndipo nilipokosea, na wewe usirudie. Nilipanga nyumba ya wageni kwa simu, nikaridhika na "usijali kaka, chumba chako hichi hapa". Tumefika, chumba changu kiko na watu wengine. Tukapewa kimoja juu kabisa karibu na paa, ngazi za Mji Mkongwe mnazijua, nyembamba na wima kama za mnara. Shangazi alipanda akiwa ananisoma kimya kimya. Wiki ya tamasha mji unajaa. Lipa kitu mapema, na uombe risiti.

Feri haina hadithi ndefu. Chini ya saa mbili hivi umefika, bahari ya kaskazi ilituchezea kidogo katikati ya safari, shangazi alikuwa na limau lake la kunusa na hakutapika. Aliyetapika ni mimi.

Sasa Ngome Kongwe yenyewe, pale tamasha linapopigwa. Ukitoka Forodhani unavuka barabara tu. Pembeni kuna Beit al-Ajaib, ile iliyoporomoka upande mmoja Desemba 2020, na huwezi kupita pale usisikitike. Ngome waliijenga Waarabu wa Omani baada ya kumtoa Mreno, mwisho wa karne ya 17, na baadaye ilishawahi kuwa gereza. Kuta nene, nyeusi nyeusi, zimeliwa na chumvi. Mlangoni Mtanzania analipa kiingilio cha chini kuliko cha mgeni, kwa hiyo kitambulisho usikisahau kwenye begi la nyumbani. Unafungwa kibangili cha kitambaa mkononi na hicho ndicho tiketi yako. Shangazi alikataa kukaziwa. "Damu ipite, mwanangu," akamwambia kijana wa mlangoni, na kijana akacheka, akalegeza.

Ndani kuna majukwaa mawili, moja kwenye uwanja na moja upande wa ngazi za mawe za kukalia. Huku wanapiga, kule mafundi wanafunga vyombo vya bendi inayofuata. Wakimaliza huku, unageuza kichwa. Kwa mtu aliyewahi kusubiri mpaka saa nane na nusu usiku, jambo hili peke yake lilinitoa machozi. Mawe ya kukalia lakini ni mawe. Nendeni na kanga ya kukunja nne, mtanikumbuka.

Kitu kimoja nilichojifunza zamani kwenye dansi na pale kikanifaa: usikimbilie mbele. Mbele unaona jasho la msanii, ila unachosikia ni spika ya upande wako tu, besi inakupiga tumboni na maneno yanapita juu ya kichwa. Mtafute fundi mitambo. Yule aliyekaa katikati ya watu na meza yake ya vitufe, anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, akiwa amekaa pale pale. Ukisimama karibu naye unausikia muziki kama anavyotaka usikike. Sisi tulijibanza nyuma yake kidogo kulia. Usiku wa pili alituzoea, akawa anamsogezea shangazi kreti la kukalia.

Jioni ya kwanza walipanda Wagogo wa Bagamoyo. Kama hujui inakuwaje Wagogo wakawa wa Bagamoyo, ni habari ya marehemu Hukwe Zawose na watu wake, waliotoka Dodoma wakaweka maskani pale kwenye chuo cha sanaa, na muziki wa marimba na zeze ukasafiri dunia nzima kutokea hapo. Mzee alifariki 2003 lakini kazi haikufa naye. Wanawake walikuwa na ngoma za muheme, wamezibana katikati ya mapaja, mabega yanatetemeka, viganja huvioni vinapotua. Na zile sauti zao! Moja inaanza, ya pili inaingia juu yake kidogo, ya tatu inapita katikati, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Neno la Kigogo sijui hata moja. Shangazi naye hajui. Alikaa ameshika shavu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama wale wanawake wamepewa maji ya kunywa.

Sitapitia kila bendi. Nyingine zilinipita tu. Kulikuwa na kijana mmoja wa kompyuta na saksafoni, watu wa rika lake waliruka sana, mimi nikaenda Forodhani kula urojo.

Usiku wa pili ikaja taarab, kikundi cha hapo hapo Unguja. Kanuni, udi, fidla nne, nai, akodiani, bongo. Mji huu una mambo hayo kwa muda mrefu kweli, kikundi cha Ikhwani Safaa ni cha 1905, Culture Musical Club cha 1958, kwa hiyo wanapokaa kwenye viti vyao hawana haraka na mtu. Mpiga kanuni aliinamisha kichwa akatengeneza nyuzi zake kwa dakika nyingi, joto la Februari lilikuwa limezilegeza. Wageni mbele yetu wakaanza kupiga soga, wengine wamegeuzia jukwaa mgongo, wanadhani muziki haujaanza. Shangazi akamgonga mmoja begani kwa kidole, taratibu, akaweka kidole mdomoni. Yule baba wa Kizungu akaomba radhi kama mtoto wa shule.

Mwimbaji mwanamke akaingia. Beti la pili nikaona shangazi anafungua pochi. Akatoa elfu tano, akaikunja kwa urefu, akainuka. Nikamwambia shangazi, hapa si arusini, jukwaa liko juu, kuna mabaunsa. Hakunisikia, au alinisikia. Akaondoka na mwendo ule, mnaujua, mguu mmoja unaburuta kidogo, mkono wenye noti uko juu, uso hauna habari na mtu. Watu wakampisha wenyewe. Alipofika mbele jukwaa likawa linamfika kifuani. Baunsa mmoja, jitu la miraba minne, akamtazama. Nikasema yamekwisha. Jamaa akamshika kiwiko akampandisha kidogo, mwimbaji akapiga goti moja bila kukata beti, akaipokea noti kwa mikono miwili na kumwimbia mstari mzima usoni.

Aliporudi alikuwa analia. Yule baba wa Kizungu akaniuliza kwa Kiingereza kama na yeye anaruhusiwa. Nikamwambia nenda. Akaenda na dola zake, anacheza vibaya mno, Mungu ambariki. Nyuma yake wakafuata wakina mama wa mjini wanane tisa, na hapo ndipo shughuli ilipokuwa shughuli.

Saa sita kasoro ikapanda bendi ya Kikongo. Nimesimama na bendi za Kikongo Dar tangu nina miaka kumi na nane, kwa hiyo nilikuwa nimekunja mikono kidogo, nasubiri kuona. Wameingia polepole, rumba ya kuongea, waimbaji watatu mbele. Kisha rapa akaita, drams zikafunguka, sebene hilo, pale gitaa linapokimbia na watu wanacheza. Mpiga solo alikuwa kijana mwembamba, shati limeshamganda mgongoni. Gitaa likawa linasema, watu wameshaanza kufunga kanga viunoni. Na katikati ya yote hayo nikasikia "taa!", kikali, kama mtu kachapa fimbo kwenye bati. Uzi mwembamba umekatika, unaning'inia kwenye gitaa na kumeta na taa.

Nilimtazama fundi mitambo. Hakugusa kitu kwanza, naye alikuwa anatazama. Kijana wa solo akamgeukia wa rithimu, akamwonyesha kwa kidevu tu. Yule wa rithimu, mzee mwenye kofia, usiku kucha alikuwa amesimama nyuma kama hayupo, akasogea hatua mbili mbele na kupandisha mkono juu ya shingo ya gitaa, akaushika ule ule mchezo pale pale ulipoachwa, lakini kwa lafudhi yake, mzito zaidi, wa kizamani, wa miaka ile ya baba. Hapo ndipo kidole cha fundi kilipomwongezea sauti. Besi ikaziba shimo la rithimu. Rapa, bila kusimama, akaanza kumsifu mzee kwa Kilingala. Nyuma, karibu na drams, kijana ameketi sakafuni miguu wazi, tochi ya simu mdomoni, ametoa uzi mpya mfuko wa nyuma wa suruali na anaufunga, anauvuta, sikio kaliweka juu ya gitaa ili asikie sauti yake katikati ya makelele yote yale.

Alipoinuka mzee hakumpisha. Wakapiga wawili, huyu juu huyu chini, wanatazamana na kucheka, kama dakika tano nyingine ambazo nina hakika hazikuwa kwenye ratiba. Nilikuwa na simu mfukoni na sikuitoa. Nilitafuta viatu vya watu kwa macho, mazoea ya chini ya meza. Viatu vyote vilikuwa vinakwenda, na kandambili za shangazi yangu pia, mtu aliyeniambia asubuhi goti linamuuma.

Mambo madogo kwa anayefikiria kwenda. Vaa kiheshima ukiwa vichochoroni, ule ni mji wa watu na wana wazee wao. Viatu viwe vya chini, usiku kurudi tulipotea mara mbili na kila kichochoro kinafanana na mwenzake, mpaka kijana mmoja wa barazani akatusindikiza na hakutaka hela. Kula kabla hujaingia, Forodhani iko pale pale. Na kama una uwezo wa siku moja tu, usiwaulize watu nani mkubwa kwenye ratiba. Waulize usiku wa taarab ni upi.

Na watu wa simu, naomba. Kijana mmoja mbele yetu alirekodi onyesho zima la Wagogo mkono juu, na mimi nikaliona nusu yake kwenye kioo chake chenye ufa. Rekodi wimbo mmoja, shusha.

Kwenye feri ya kurudi shangazi alikaa kimya muda mrefu, limau mkononi. Halafu akaniuliza, "Yule kijana wa gitaa, uzi alijuaje utakatika?"

Nikamwambia hakujua, huwa wanatembea nao.

"Mfukoni?"

"Mfukoni, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa. Mwezi uliopita amenipigia, hata salamu hakuipokea vizuri. Anataka nimpangie mapema, watu watatu safari hii, anakuja na mdogo wake na jirani yake wa Ngamiani. Vyumba vya chini. Na nimbadilishie elfu tano tano mpya kabla hatujavuka, za zamani zinakunjika vibaya.