Jina lako au jina la kubuni?

Ukiipa biashara changa jina lako mwenyewe, imani ya watu huja mapema. Mteja anajua amlalamikie nani, na sifa uliyojijengea kwa miaka inahamia moja kwa moja kwenye bango. Kwa fundi au mshauri anayefanya kazi peke yake, sioni haja ya kuhangaika zaidi.

Shida huja siku ya kutengana. Mwaka 1902 Henry Ford aliondoka katika kampuni ya magari iliyobeba jina lake. Waliobaki wakaigeuza kuwa Cadillac, naye akaanzisha Ford Motor Company mwaka 1903. Aliondoka na jina lake. Si wote hubahatika hivyo: ukiuza biashara, huenda ukauza pia haki ya kulitumia jina lako kibiashara.

Jina la kubuni huanza likiwa tupu. George Eastman, mtengenezaji wa kamera, alisajili jina Kodak mwaka 1888, neno fupi lisilo na maana yoyote. Utupu huo ndio nguvu yake, maana kisheria neno la kubuni hulindika kwa urahisi kuliko jina la ukoo walilo nalo wengi. Ila kulijaza maana ni kazi ya miaka: rangi zilezile, lugha ileile, huduma isiyoyumba. (Nembo ya gharama, kwa maoni yangu, inaweza kusubiri.)

Kama unakusudia kufungua matawi au kuuza siku moja, ningebuni jina. Kwanza pitia daftari la alama za biashara, kisha mtajie jina hilo kwa simu mtu asiyelijua na umwombe aliandike, uone kama atapatia.