Printa ndogo ya picha kwenye begi langu: uzoefu wangu ziwani Kigoma na vijijini Tabora

"Ile ya mwaka jana iko wapi?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa Mwamgongo, kijiji cha ziwani kinachopakana na hifadhi ya Gombe kwa upande wa kaskazini. Alikuwa anageuza dagaa kwenye kichanja, wala hakuacha kazi yake. Nikamweleza kuwa picha yake ilitoka gazetini, tena ukurasa mzuri, na watu wengi waliisifia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Baba, mimi sijaiona."

Sikuwa na la kumjibu. Niliporudi nyumbani Mwanga, hapa Kigoma mjini, nikaanza kutafuta printa ya kubeba begani, na Novemba 2022 nikaipata Kariakoo kwa Sh 450,000. Tangu hapo imekuwa nami karibu kila safari: kwenye boti za abiria zinazotoka mwalo wa Kibirizi, kwenye treni ya reli ya kati kwenda Tabora, na mgongoni mwangu juu ya bodaboda nyingi mno. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa kamera, maana kabla sijanunua nilihangaika kutafuta maelezo kwa Kiswahili nikakosa. Chapa sitaitaja. Kampuni zinazotengeneza mashine za namna hii ni zaidi ya moja, na mengi nitakayosema ni ya aina nzima.

Aina yenyewe ni hii. Haitumii wino wa maji. Ndani yake kuna katriji ya utepe mwembamba wenye rangi, na mashine inaupasha utepe joto ili rangi ihamie kwenye karatasi. Karatasi inapita mara nne: kwanza njano, pili rangi ya waridi iliyokolea, tatu bluu ya samawati, na mara ya nne inapakwa utando usio na rangi unaoikinga picha. Kazi yote haimalizi dakika moja, na picha inatoka kavu, ya ukubwa wa postikadi, sentimita 10 kwa 15 hivi. Ule utando wa mwisho ndio ulionishawishi kuliko kitu kingine chochote. Mikono ya mwalo ina maji, magamba na mafuta ya dagaa. Nimeona picha ikipokelewa kwa mikono hiyo, ikapitishwa kwa majirani kumi, ikafutwa kwa pindo la kanga, ikabaki safi.

Kabla ya hii niliwahi kuazima kamera ya picha za papo hapo. Ni nzuri kwa sherehe za mjini, lakini picha yake ni ndogo, bibi mwenye macho mazito haoni kitu. Tena ukishampa mtu ile moja, wewe mwenyewe hubaki na nakala ya kupeleka chumba cha habari. Nikairudisha.

Jambo la pili ninaloipendea printa hii ni kwamba haihitaji intaneti. Inatengeneza waifai yake yenyewe, simu inaunganishwa nayo moja kwa moja, au unachomeka memori kadi ya kamera na kuchagua picha kwenye kioo chake. Kwa vijiji vya chini ya milima ya ziwani, ambako mtandao unashika ukipanda kichuguu na kupotea ukishuka, hilo si jambo dogo. Ila kumbuka: inasoma JPEG tu. Kama unapiga faili ghafi (RAW) peke yake, weka kamera ihifadhi za aina mbili, la sivyo utasimama mbele ya watu huna cha kutoa.

Sasa yale yaliyonisumbua.

Betri kwanza. Haikuja na mashine, niliinunua mbali. Kwenye boksi wameandika kuwa chaji moja inatoa picha zaidi ya 50. Mimi nyingi nilizowahi kufikisha ni 41, na hapo ilikuwa asubuhi yenye ubaridi. Siku hizi nabeba betri mbili na paneli ya sola ya kukunja, na paneli naitandika juu ya turubai la boti, tukifika nina chaji. Jua la mchana nalo ni tatizo. Mashine inafanya kazi kwa joto, kwa hiyo ukiitumia saa saba mchana mchangani, baada ya picha kadhaa inasimama yenyewe kupoa. Haijaharibika. Itafutie kivuli, ngoja, itaendelea.

Vumbi ndilo adui mkubwa. Karatasi inapopita mara nne inachungulia nje ya mashine kila mara kisha inarudi ndani, na chembe moja ikiigusa, rangi haishiki pale. Unapata doa jeupe usoni mwa mtu. Tabora wakati wa kiangazi, barabara za Uyui zikiwa zimekauka na ng'ombe wanapita, niliharibu karatasi saba siku moja. Nikajifunza kuomba chumba. Siku zote kuna mwenyeji atakayekupa chumba na stuli, unafunga mlango, unaweka printa juu ya kanga iliyoloweshwa kidogo na kukamuliwa, na madoa yanapungua sana.

Karatasi ni ghali, na hilo liingie kwenye hesabu kabla hujanunua chochote. Pakiti moja ina karatasi 108 na katriji tatu, kila katriji picha 36. Mara ya mwisho nililipa Sh 120,000, maana yake kila picha ni zaidi ya Sh 1,100. Kigoma mjini sijawahi kuzipata, naagiza Dar es Salaam zinakuja kwa basi. Kuna duka moja lilinitumia karatasi za saizi nyingine, zisizoingia kwenye trei yangu, na halikutaka kuzirudisha. Waambie wakupigie picha ya lebo kabla hujatuma hela.

Nimeyasema mabaya yote hayo, na bado siuzi mashine hii.

Mei 2015 nilikuwa Kagunga, mpakani na Burundi. Waliokuwepo hawajasahau: maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kwenye ufukwe mwembamba, mlima nyuma yao na ziwa mbele, kipindupindu katikati yao. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa inawachukua kuwaleta Kigoma, ikisimama majini kwa sababu hapakuwa na gati, na watu wakipelekwa kwake kwa mitumbwi. Nilimpiga picha mama aliyembeba mtoto wake begani akisubiri zamu. Akaniomba picha. Nikamwambia, nitakuletea. Nilisema hivyo kwa moyo mmoja kabisa. Kutoka Kigoma walipelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, nami nilikwenda huko mara mbili na picha ile niliyoisafisha studio, nikiwaonyesha watu, sikumpata. Ninayo mpaka leo. Laiti ningekuwa na mashine hii siku ile, ingemchukua mama yule muda mfupi kuliko foleni ya maji.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaosema kumpa mtu picha ni kumhonga. Wana hoja, na nimeifikiria sana. Ukianza kwa kutoa picha, umeharibu kazi: watoto wanakimbia nyumbani kuvaa nguo za sikukuu, wavuvi wanaacha nyavu na kupanga mstari, na wewe umegeuka studio. Utaratibu wangu ni kwamba printa haitoki begini mpaka kazi ya habari iishe. Nafika, napita kwa mtendaji wa kijiji, naonyesha kitambulisho na barua, nasaini kitabu cha wageni. Napiga picha siku moja au mbili kama kawaida, kwa ruhusa ya kila mtu na bila kuahidi chochote. Siku ya kuondoka ndipo nakaa chini na mashine. Aliyekataa kupigwa picha ya gazeti akitaka ya kwake mwenyewe ya nyumbani, anapata kama wengine.

Na zisipotosha? Hili lilinitokea kwenye ngoma ya Bayeye, wale wachezaji wa nyoka, katika kijiji kimoja cha Uyui baada ya mavuno. Nilibeba karatasi 36, na mbele yangu palikuwa na watu zaidi ya mia. Nikaona fedheha inakuja. Aliyeniokoa ni mzee kiongozi wa ngoma. Asubuhi nilipomwamkia "Mwangaluka" aliitikia vizuri, lakini alikataa kabisa kamera isogee kwenye kikapu cha nyoka wake, na nikaheshimu. Jioni alipoona nagawa, akasimama na kuwaambia watu wakae kwa kaya, kila kaya picha moja, wazee kwanza. Zikatosha, zikabaki mbili. Moja akaniomba ya kwake, amesimama wima, mikono kwenye magoti ya wajukuu wawili waliobebwa na baba zao, bila nyoka. Toka siku hiyo sipangi ugawaji peke yangu. Namwachia mwenyeji, yeye ndiye anayejua nani ni nani.

Kwa wanaokwenda ziwani nina shauri moja. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo ukitaka kuona kazi yenyewe, taa zimetapakaa majini kama mji, nenda mwezi ukiwa haupo. Lakini ukitaka kugawa picha za familia, nenda wakati wa mbalamwezi, wanaume wanakuwa nyumbani wanashona nyavu. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, hali ilikuwa ngumu mifukoni, sitaki kuipamba. Ila zile ndizo wiki ambazo baba, mama na watoto niliwapata pamoja mchana kweupe, na wengi waliniambia hawajawahi kuwa na picha ya wote.

Kitu ambacho sikukitarajia ni picha za paspoti. Karatasi moja inatoa paspoti 8, na vijijini ndizo zinazoombwa kuliko zote, kwa ajili ya fomu za shule. Unahitaji kitenge cha bluu na mtu wa kukishika nyuma. Mzazi anayetoka kijiji cha ziwani kwenda mjini kwa ajili ya paspoti analipa nauli ya boti kwenda na kurudi na kupoteza siku, kwa picha ya dakika moja. Siku hizi natenga karatasi kumi za kazi hiyo tu.

Na jambo la usalama ambalo wauzaji hawakuambii: utepe uliotumika unabaki na sura ya kila picha uliyotoa, rangi zikiwa kinyume. Mtu akiufungua na kuushika kwenye mwanga anamwona kila uliyempiga. Kwa sisi tunaokwenda kambini, au tunaokutana na watu wenye sababu ya kutotaka kujulikana walipo, usiitupe katriji jalalani. Mimi nautoa utepe, naukata vipande, narudi navyo mjini.

Mashine inawafaa nani? Mpigapicha anayerudi vijiji vilevile, ndiyo, bila kusita. Anayepita mara moja kwa mradi wa siku tatu anaweza kusafisha picha studio na kuzituma kwa boti kupitia kwa mtendaji, ilimradi kweli azitume. Anayetafuta biashara ya picha za harusi atafute printa kubwa, hii itamfilisi kwa karatasi.

Kuhusu rangi nitasema kwa kisa. Nilirudi Mwamgongo kwa yule mama nikiwa na printa mpya, nikampiga picha palepale kichanjani, nikaichapa. Watoto walikuwa wamezunguka wakipiga kelele kila karatasi ilipochungulia: ya njano, "hamna kitu!", ya waridi, "anakuja!", ya bluu, "huyo!" Mama akaichukua, akaiweka sambamba na mkono wake mwenyewe. Akatazama picha, akatazama mkono. "Huyu ameungua," akasema. "Mimi si mweusi hivi, na huu wekundu umetoka wapi?"

Alikuwa sahihi. Mashine ikiachwa na mipangilio yake ya kiwandani inazamisha ngozi zetu na kuzipaka wekundu, hasa picha yenye mchanga mweupe au maji yanayong'aa nyuma. Nikazima ile sehemu ya kujirekebisha yenyewe, nikapandisha mwanga hatua moja. Ya pili akaikataa, uso umekuwa wa kijivu. Nikashusha nusu, nikapunguza wekundu kidogo, tukangoja. Ya tatu aliiweka tena kando ya mkono, akanyamaza, akamwita dada yake aje kuhakikisha. Mipangilio ile ndiyo ninayoitumia mpaka leo kwa kila mtu ninayempiga juani.

Nilitaka kuzichana zile mbili za mwanzo. Akanizuia, akawapa watoto. Ya tatu akaingia nayo ndani, akatoka na stuli, akaniambia nikae, kuna ugali na mgebuka.