Kutu kwenye vifaa: msasa au siki?

Msasa hauibadilishi kutu. Unaikwangua tu, na vumbi jekundu linaloanguka bado ni oksidi ya chuma ileile. Siki hufanya kazi tofauti: asidi yake hujibizana na oksidi hiyo na kuigeuza chumvi inayoyeyuka majini.

Kwa haraka, msasa hauna mpinzani. Panga lenye kutu ya juujuu, anza na msasa wa namba 80 (mkali), malizia na 240 (laini), dakika chache umemaliza. Ila haufiki kwenye meno ya bolti wala ndani ya vishimo, na kila unaposugua unakula chuma kisicho na kutu pia.

Siki yenye asidi asilimia 5 hupenya kote huko. Zamisha kifaa kizima, maana kikichomoza, mstari wa usawa wa siki huliwa zaidi. Kiache saa 12 hadi 24, ukikikagua. Vipovu vidogo vikitoka palipokwisha kuwa safi, hiyo ni haidrojeni: asidi imeanza kula chuma chenyewe, kitoe. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha papo hapo, paka mafuta. Wengi huruka hatua hii, kisha wanailaumu siki kutu ikirudi kabla ya jioni.

Kifaa kilichopakwa zinki kisiguse siki kabisa. Zinki huyeyuka kabla ya kutu kwisha. Geti au fremu isiyozamishika, shika msasa. Koleo lililoganda au debe la nati, siki, mradi una siku ya kusubiri.