TAHADHARI: Seti za klachi za Land Rover zinazouzwa Tanga kwa simu

Ndugu zangu wenye Land Rover za zamani, hasa zile za injini ya 300Tdi, kuweni macho. Kuna mtu anauza seti za klachi hapa Tanga, anajitangaza kwenye magrupu ya mafundi kwamba ni mpya. Si mpya.

Gari letu lilikata klachi ghafla kwenye mlima wa kwenda Amani, tukiwa tumeshaipita Muheza. Pedali ilizama hadi chini. Mafuta ya klachi yalikuwa yamejaa, masta ya juu na ya chini (pampu za mafuta hayo) hazivuji, kwa hiyo fundi akasema moja kwa moja kuwa ni foki, ule mkono wa ndani unaosukuma beringi ya klachi ukikanyaga pedali. Kwenye injini hizi foki ni ya bati, inaegemea kichuma cha mviringo, na miaka ikienda kile kichuma kinaitoboa. Gia boksi liliposhushwa tukalikuta tundu lenyewe. Kwa kuwa kulishusha ni kazi nzito, tukaona tubadilishe vyote: pleti, presha, beringi na foki.

Muuzaji alisema mzigo uko Ngamiani, tuma hela kwanza, bodaboda anauleta. Laki nne na nusu. Boksi lilikuja safi, limezungushiwa nailoni.

Ndani yake sasa! Lainingi za pleti ni mpya kweli, lakini ribiti zinazozishikilia zimegongwa kwa nyundo, nyingine za shaba, nyingine nyeupe. Meno ya katikati yamelika. Ukiivika kwenye shafti ya gia boksi inacheza. Rangi ya silva imepulizwa juu ya kutu, mpaka kwenye springi. Foki ndiyo iliyonitia hasira kabisa: tundu la zamani limezibwa kwa kuchomelea, likasagwa, likapakwa rangi. Wapo mafundi wanaochomelea kipande cha chuma kwenye foki mpya kuiongezea nguvu, na wanafanya vizuri. Kuziba tundu la foki iliyokufa ukaiuza kama mpya ni kuhatarisha watu. Weld ikiachia kwenye kona za Amani au za Soni, gari limejaa abiria, gia unayoitaka huipati tena.

Nilipompigia akajibu, "Umeshafungua boksi, hairudishwi." Kisha akanifungia namba. Risiti ya EFD hakutoa. Taarifa iko polisi, na vitu vyote nimevitunza kama ushahidi.

Ukikwama, usikubali haraka ikutumie hela. Mwambie fundi aivike pleti kwenye shafti kabla hujalipa, na uishike foki mkononi uipapase pale inapoegemea. Muuzaji akikataa boksi lisifunguliwe, muache. Na kama umeshauziwa seti ya namna hii, usiifunge kwenye gari. Piga picha ribiti na foki uzitume hapa, tukazipeleke polisi pamoja.