TV flat ya inchi 43 kutoka Kariakoo: nilivyoichagua na inavyopiga kazi nyumbani

Ukiingia madukani Kariakoo kutafuta tv utachanganyikiwa kwa sababu zote zinaonekana kali. Ukuta mzima umewashwa, kila kioo kinaonyesha samaki wa rangi na matunda yanakatwa, na hiyo video imetengenezwa makusudi ipendeze hata kwenye tv ya hovyo. Alafu zimewekwa ile modi ya dukani, mwanga na rangi vimefunguliwa mpaka mwisho. Mi nlibeba flashi yangu ina kipande cha mechi ya ligi yetu, picha ya kawaida kabisa, nkamwambia muuzaji chomeka hii. Kijana akaanza "bosi wangu hiyo ni 4K we chukua tu", nkamwambia chomeka kwanza. Hapo ndo utaona majani yanakuwa uji, mchezaji akikimbia anaacha kivuli nyuma, na ukisogea pembeni kidogo rangi zinapauka. Hilo la pembeni liangalie sana, maana nyumbani kwetu hakuna anayekaa katikati peke yake, kuna wa kwenye kochi, wa kwenye mkeka, na jirani aliyesimama mlangoni.

Kuhusu 4K watu wanapigwa sana. 4K ina nukta mara nne ya Full HD, ni kweli, ila swali ni unailisha nini? King'amuzi changu chaneli nyingi zikijitahidi ni HD, nyingine hata hiyo hazifiki, kwa hiyo tv inabaki kunyoosha picha ndogo ijae kioo kikubwa. Na kwa intaneti, Netflix wenyewe wanasema picha ya 4K inaweza kula mpaka GB 7 kwa saa, HD mpaka GB 3, sasa kwa bando la simu utaangalia muvi ngapi mwezi mzima? Kama una intaneti ya waya isiyo na kikomo sawa, chukua. Mi nimechukua 4K kwa sababu kwenye inchi 43 tofauti ya bei na Full HD ilikuwa ndogo, na iliyopita mtihani wa flashi ikawa ndo hiyo.

Inchi zinapimwa kona kwa kona, msisahau, 43 upana wake unakaribia sentimita 95, pima kabati lako kabla ya kutoka nyumbani.

Tv za vioo viwili sasa, zile zenye kioo kigumu cha ziada mbele ya kioo cha picha. Wenye watoto wanaotupa rimoti nawaelewa, kile kioo cha mbele kinasaidia kweli. Ila kinarudisha mwanga balaa, mchana dirisha likiwa wazi unajiona mwenyewe umekaa badala ya kuona mpira. Sebule yangu inapigwa na jua la jioni muda uleule wa mechi kwa hiyo nikaachana na vioo viwili, tv yangu nimeitundika juu ukutani watoto hawafikii.

Smati tv nazo zinatofautiana kuliko mnavyodhani. Zile za bei chee zinaitwa android lakini ni android ya kuungaunga isiyo na kibali cha Google, YouTube yake ni ile ya simu unaiendesha kwa kimshale cha rimoti, na memori GB 8 inajaa upesi ikaanza kuganda. Google TV yenyewe ina Play Store kamili. Tv zenye mfumo wa VIDAA wa Hisense, webOS wa LG au Tizen wa Samsung hazina Play Store, ila YouTube na Netflix zipo na zinafunguka vizuri, kwa matumizi ya familia yangu zinatosha kabisa. Yangu ni mojawapo ya hizo, kampuni sitaji msije mkasema nimelipwa.

Nimelipa laki nane kasoro na nkadai risiti ya EFD palepale, ukiambiwa "bila risiti nakupunguzia" ondoka, maana waranti bila risiti utaidai wapi? Na hakikisha inawashwa mbele yako, ikae dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi na kikiwa cheupe, ukague madoa ya mwanga na nukta zilizokufa. Nyumbani nimeiweka na gadi ya umeme, kukatika si tatizo, tatizo ni ukirudi kwa kishindo.

Picha naipa tisa kwa kumi baada ya kuitoa kwenye modi ya dukani na kupunguza mwanga. Sauti nne, na hapo nimeihurumia. Spika ziko nyuma zinaongea na ukuta, mtangazaji anasikika kama yuko kwenye ndoo. Ina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, yaani linatoa sauti ya tv kwenda spika ya nje, kwa hiyo nasaka saundibaa, kwa sasa sabufa ya zamani ndo inafanya kazi.